Nyota Nne na Robo kwa Programu Isiyojua Kifafa cha Mimba

Kabla sijasema programu ya simu ya wajawazito ni nzuri au mbaya, huwa naipa mtihani mmoja. Ni saa nane usiku. Mwanamke ana mimba ya wiki 34, kichwa kinamgonga, macho yanaona vimulimuli, uso na vidole vimevimba tangu jioni. Mume yuko safari, mama mkwe amelala. Anashika simu. Programu itamwambia nini, na atabonyeza mara ngapi kabla hajafika kwenye jibu?

Jibu la haki ni moja tu: mwamshe mtu, nenda hospitali sasa hivi, hizo ni dalili za presha ya mimba inayoelekea kwenye kifafa. Programu za Kiajemi nilizozipa mtihani huu zimenijibu kwa namna nyingi. Zipo zilizojibu kama mkunga aliyebobea. Ipo iliyonipeleka kwenye ukurasa wa maumivu ya kichwa, ikanishauri ninywe maji nikalale kwenye chumba chenye giza. Na ipo iliyonionyesha kwanza tangazo la vigari vya watoto, likaganda hapo mpaka lilipotaka lenyewe kuondoka.

Mimi ni mkunga, mwenyeji wa Tanga. Kiajemi nilikipata Qom, mji wa wanazuoni ulio kusini ya Tehran, mume wangu alipokuwa akisoma Chuo Kikuu cha Al-Mustafa pamoja na vijana wengine wa Afrika Mashariki. Sisi wake zao hatukuwa na darasa la maana. Lugha tuliiokota sokoni, kwenye foleni ya kununua maji matamu (ya bomba yalikuwa na chumvi), na kliniki. Mwanangu wa pili alizaliwa huko. Kondo la nyuma, kupasuka kwa chupa, uchungu wa uongo na wa kweli, yote hayo nilijua yanavyosemwa Kiajemi kutoka kwenye simu, kabla sijayasikia kwa daktari. Kwa hiyo asinidhanie mtu kuwa nazichukia programu hizi. Zilinifaa, na bado ninazo simuni, nazifungua kila zinapobadilishwa ili nione zimekuwaje.

Na ni nyingi. Iran ina watu zaidi ya milioni 80, karibu kila nyumba ina simu ya kisasa, na dunia imewafungia milango. Vikwazo vya Marekani vimewazuia kulipia kitu kwenye duka la Google, na mwaka 2017 Apple iliziondoa programu za Kiirani kwenye duka lake. Wairani wakajijengea maduka yao wenyewe: Cafe Bazaar, lililoanza mwaka 2011, na Myket. Andika humo neno bardari, yaani ujauzito, uone zinavyomiminika, za waridi na za zambarau, vichanga vimelala juu ya maua. Kila moja ina nyota zake chini ya jina.

Nyota za dukani sizishughulikii. Mwanamke anazitoa akiwa na mimba changa, amefurahi, ameambiwa mtoto wake sasa analingana na mbegu ya komamanga. Aliyepoteza mtoto harudi kuandika nyota moja. Anaifuta programu, basi.

Wataalamu wana njia yao. Mwaka 2015 Stoyan Stoyanov na wenzake wa Queensland University of Technology, Australia, walitoa kipimo kinachoitwa MARS, na tangu hapo kimeshikwa dunia nzima. Watafiti wa Iran nao hukitumia kupima programu za afya za Kiajemi. Kina maswali 23. Matano yanauliza kama programu inavutia na kuburudisha, manne kama inafanya kazi bila kukwama, matatu yanahusu sura yake, saba yanahusu taarifa zilizomo, na manne ya mwisho ni maoni ya mpimaji mwenyewe: ungemshauri mwenzako aitumie, ungeilipia? Kila swali lina alama 1 hadi 5. Mafungu manne ya kwanza yanatafutiwa wastani, kila fungu peke yake, kisha wastani hizo nne zinatafutiwa wastani mmoja. Hiyo ndiyo alama ya programu.

Hapo ndipo ninapogoma. Chukua programu inayovutia kwa 5, isiyokwama kwa 5, yenye sura ya 5, na ambayo taarifa zake ni za 2. Jumlisha, gawa kwa nne: 4.25. Nyota nne na robo! Na hiyo 2 ya taarifa inaweza kuwa ndiyo ule ukurasa unaomwambia mwenye presha akalale gizani. Jahazi lenye tanga jipya, rangi mpya na tundu kwenye mkuku halina wastani.

Silaumu waliokitunga. Mara ya kwanza MARS ilijaribiwa kwa programu 60 za afya ya akili na ustawi wa nafsi, na huko kuvutia ni sehemu ya tiba. Programu ya kukutuliza ikikuchosha utaiacha siku ya pili, haitakuwa imekusaidia kitu. Mimba ina mambo yake. Mwanamke hahitaji kuvutiwa. Amekwishavutiwa na kilichomo tumboni mwake, atasoma hata karatasi ya kufungia maandazi ikiwa imeandikwa habari za mtoto. Kwa sababu hiyohiyo ndiye msomaji rahisi kuliko wote kudanganywa. Na lile swali la mwisho katika fungu la taarifa, linalouliza kama programu yenyewe imewahi kufanyiwa majaribio ikathibitika kusaidia watu, mara nyingi wapimaji huliacha wazi kwa sababu hakuna jaribio lolote. Likiachwa wazi halipunguzi alama. Mwanafunzi gani hapa kwetu angekataa mtihani wa namna hiyo?

Nataka kitu kingine: maswali ya lazima. Programu ikishindwa moja, haina alama, hata kama imechorwa na malaika.

La kwanza nimekwisha kulitaja, dalili za hatari. Damu kutoka, chupa kupasuka kabla ya wakati, homa kali, kichwa kisichotulia, macho kufifia, degedege, mtoto kupunguza kucheza. Ziwe ukurasa wa mbele, na ukurasa huo ufunguke bila mtandao. Nasisitiza bila mtandao kwa sababu tunazungumzia Iran. Novemba 2019 serikali ilizima intaneti nchi nzima kwa karibu wiki moja. Juni 2025, wakati wa vita na Israel, ilizimwa tena karibu yote. Watoto hawakuacha kuzaliwa siku hizo. Wapimaji aghalabu hukaa ofisini na simu mpya na mtandao wenye kasi. Ningewaomba wazime data, kisha wakae na simu ya zamani iliyopasuka kioo, ndiyo waanze kuhesabu alama.

Kwenye ukurasa huohuo iwepo namba ya dharura ya mahali mama alipo. Iran ni 115. Kwetu Tanzania, mfumo wa m-mama wa kumsafirisha mama kwa dharura nao unapigiwa 115, kwa hiyo mimi namba hiyo hainipotei. Lakini nimewahi kukutana na programu ya Kiajemi safi, yenye hati ya kupendeza, inayomwambia mama wa Iran apige 911, namba ya dharura ya Marekani. Aliyetafsiri alitafsiri kila kitu, na hakuwaza kwamba kuna mtu atapiga.

Pili, hesabu ya siku. Hapa ndipo palipo na utamu, na wapimaji wengi hupapita haraka kwa sababu programu ikitoa tarehe tu wanaona inatosha. Mwaka wa Kiirani unaanza Nairuzi, tarehe 20 au 21 Machi. Watu wa Makunduchi wanaokoga mwaka kila Julai hawahitaji kuelezwa Nairuzi ni nini, ingawa yao imesogea. Miezi 6 ya kwanza ya Iran ina siku 31, mitano inayofuata ina siku 30, na wa mwisho, Esfand, una 29, mwaka mrefu 30. Sasa, chuoni tulifundishwa kanuni ya Franz Naegele, daktari Mjerumani: shika siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3, hiyo ndiyo tarehe ya kujifungua mwaka unaofuata. Kanuni hiyo ilitungwa kwa miezi ya Kizungu. Ukiipachika kwenye miezi ya Iran inayumba. Mwanamke aliyeona hedhi tarehe 1 Farvardin, yaani siku ya Nairuzi yenyewe, kanuni itampa tarehe 8 Dey. Hesabu siku 280 moja baada ya nyingine na utafika tarehe 5 Dey. Siku 3 zimezuka hewani.

Utasema siku 3 si kitu, mtoto anakuja anapotaka. Kwa anayejifungua mwenyewe, sawa. Iran lakini karibu nusu ya watoto wanazaliwa kwa upasuaji, na siku ya kisu hupangwa kwa kalenda. Tena kuna jambo ambalo nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani ni mzaha: shule zinafunguliwa tarehe 1 Mehr, mwishoni mwa Septemba, na mtoto aliyezaliwa baada ya tarehe hiyo husubiri mwaka mzima zaidi kabla ya kuanza darasa la kwanza. Kwa hiyo mwishoni mwa mwezi wa Shahrivar wapo wazazi wanaosukuma upasuaji uwahi. Mama ambaye simu yake imekosea siku, na shule inamvuta, na daktari ana nafasi Alhamisi, anaweza kuzaa mtoto ambaye mapafu yake yalihitaji wiki nyingine. Programu nzuri hutoa tarehe, kisha hapohapo humwambia mama kwamba ultrasaundi ya mapema ndiyo ya kuaminika, na kwamba tarehe ya simu si tarehe ya kupasuliwa.

Tatu ni chakula na dawa, na hapa mtafsiri hujiumbua. Nimesoma Kiajemi kinachomkataza mama wa Qom divai. Divai, Qom! Nimesoma kinachompa uzito kwa ratili za Kimarekani. Wakati huohuo mwanamke huyo anakula mboga mbichi kila mlo, rehani, mnanaa, figili, zimerundikwa kwenye sahani katikati ya sufuria na mkate, na mboga mbichi zisizooshwa vizuri ni njia mojawapo ya kupata toksoplasmosi, ugonjwa unaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Anakunywa chai nyeusi baada ya kila chakula, kipande cha sukari kati ya meno, na chai inazuia mwili kunyonya madini ya chuma. Unaweza kumeza vidonge vya kuongeza damu miezi tisa na chai ikavifuata nyuma inavifutia kazi. Qom wana haluwa yao, sohan, ya ngano iliyooteshwa, zafarani na pistachio. Mgeni akija na kopo lake hutoki hapo bila kula, na kisukari cha mimba hupimwa kati ya wiki ya 24 na 28. Programu ya Qom ijue sohan. Ijue pia Ramadhani. Hapo lazima niseme haki: programu zilizoandikwa na Wairani wenyewe zinajua Ramadhani vizuri mno, zinamweleza mama lini asifunge kiafya na fatwa inasemaje, wakati zile za kutafsiri zinapita mwezi mzima bila habari.

Asidi ya foliki ni mikrogramu 400 kwa siku, madini ya chuma miligramu 30 hadi 60. Shirika la Afya Duniani liliandika hivyo mwaka 2016, pamoja na mahudhurio 8 ya kliniki badala ya 4. Hiki ni kipengele cha kuangalia kwa sekunde kumi. Kipo au hakipo.

Mambo ya wazee nayo? Hapa wapimaji wa Kizungu wangekata alama bila huruma, mimi sikati zote. Jirani yangu Haj Khanum, bibi wa Kiirani aliyenilea kama mwanawe, aliniletea beh, tunda la manjano lenye manyoya, kama tufaha lililovaa sweta, akasema nikila mtoto atakuwa mzuri wa sura. Akaniletea ubani nitafune, mtoto awe na akili. Kwetu ubani tunachoma wageni wakija. Sikujua kwamba unaweza kuingia kwenye mitihani ya shule. Programu nyingi za Kiajemi zimejaa mambo haya, vyakula vya joto na vya baridi, sura ya Kurani ya kusoma kila mwezi, Maryam, Yusuf. Beh ni tunda, lina faida ya tunda. Sura haijamdhuru mjamzito hata mmoja. Bibi yangu wa Pangani alinisomea hizohizo. Ubani wa kutafuna kila siku, hapo ningemwuliza daktari kwanza, na programu nayo imwambie mama hivyo.

Ninayotaka kuyakatia alama ni mengine. Jedwali la Kichina la kubashiri jinsia ya mtoto kwa umri wa mama na mwezi wa kushika mimba, linapendwa Iran kupita kiasi, halina ukweli kuliko kurusha shilingi, na ndilo linalowarudisha watu kwenye programu kila siku. Kwenye fungu la kuvutia litaipandishia alama! Kibaya zaidi ni kinachodai kusikiliza moyo wa mtoto kwa maikrofoni ya simu. Simu inasikia utumbo wa mama na mapigo ya mama mwenyewe. Mwanamke aliyehisi mtoto hachezi tangu asubuhi akiweka simu tumboni, akasikia du-du-du, atabaki nyumbani. Kifaa cha namna hiyo kikikutwa ndani ya programu, zoezi la kupima liishie hapo.

Nimekuja kwenye jambo ninaloliona zito kuliko yote, nalo hakuna kipimo cha maswali 23 kitakacholiona, kwa sababu kipimo hupima kilichoandikwa. Novemba 2021 Iran ilipitisha sheria ya kuongeza vijana na kulinda familia, kwa kipindi cha miaka 7. Serikali inaogopa taifa kuzeeka, inataka watoto zaidi. Ndani yake uchunguzi wa kasoro za mtoto tumboni, ambao wanawake walikuwa wakipelekwa kama kawaida kuanzia wiki ya 11 hadi ya 13, uliondolewa kwenye utaratibu wa kila mjamzito. Ulibaki kwa ombi la mzazi na kwa kuandikiwa na daktari bingwa. Mimba yangu ya Qom ilikuwa kabla ya hapo. Nilipewa karatasi ya kipimo pamoja na ratiba ya kliniki, sikuhitaji kuomba. Rafiki yangu wa Mombasa aliyepata mimba baadaye ilimbidi alijue mwenyewe jambo hilo ili aliombe.

Sasa anaombaje asichokijua? Hapo ndipo programu ingekuwa na kazi ya kweli. Nimezifungua zinazofika wiki ya 11, ya 12, ya 13, zikazungumzia kichefuchefu, nywele kung'aa, na jinsi ya kumpa mume habari njema. Kipimo hakitajwi. Sentensi zote zilizopo ni sahihi. Mpimaji ataweka alama 5 kwenye usahihi wa taarifa na atakuwa hajasema uongo. Sina ugomvi na mwanamke anayekataa kipimo hicho kwa imani yake, wapo wengi na nawaheshimu. Ugomvi wangu ni kwamba uamuzi wake unafanywa na aliyeufuta ukurasa. Mtengenezaji naye namwelewa, ana leseni na duka na familia. Ila anayepima, hasa aliye nje ya Iran asiyeogopa lolote, aandike kilichokosekana pamoja na kilichopo.

Sheria hiyohiyo iliitaka Wizara ya Afya iwe na mfumo wa kusajili wanaofika kwenye maabara na vituo vya uzazi, mimba na kuharibika kwa mimba. Sasa tazama mlango wa kuingilia programu. Unaandika namba ya simu, unatumiwa tarakimu, unaingia. Namba ya simu Iran imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Kisha unaandika hedhi ya mwisho. Miezi miwili baadaye, kwa bahati mbaya, unaandika hedhi nyingine. Mtu yeyote mwenye daftari hilo anajua kilichotokea katikati, ingawa hajui kilitokeaje. MARS ina mahali pa kuweka tiki kama programu inataka kujisajili au ina neno la siri, lakini tiki hiyo haiingii kwenye alama. Kwa mimba ya Iran ningeifanya swali la lazima: programu ifanye kazi bila namba ya simu, na ibaki kwenye simu ya mwenyewe.

Kiajemi pia si cha Iran peke yake, na hili wapimaji husahau. Mama wa Herat au Kabul anayesema Kidari, Kiajemi cha Afghanistan, anazisoma programu hizi, kwa sababu ndizo zilizopo. Mwezi ambao Muirani anauita Farvardin yeye anauita Hamal, na akiukosa kwenye orodha atachagua wa kukisia, mimba yake nzima itaanzia hapo. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 yalionyesha Iran inapoteza akina mama 22 kwa kila vizazi hai 100,000, Tanzania 238, Afghanistan 620. Desemba 2024 Taliban waliwafungia wanawake vyuo vya ukunga na uuguzi. Mwaka 2025 Iran iliwarudisha kwao Waafghani kwa mamia ya maelfu, wajawazito wakiwemo bila shaka, wengine na programu ya Tehran kwenye simu na namba 115 isiyopokewa upande wa pili wa mpaka. Kwa mwanamke huyo simu ndiyo iliyobaki ya kumshauri, na sijui ni alama ngapi zinatosha.

Iran yenyewe haikufika kwenye hiyo 22 kwa simu. Ilifika kwa nyumba za afya za vijijini na wahudumu wanaoitwa behvarz, vijana waliochaguliwa kutoka vijiji vyenyewe, wanaojua nani ana mimba na nani hajafika kliniki mwezi huu. Programu nzuri kuliko zote nilizozifungua, na ipo, ilionekana imeandikwa na mtu aliyewahi kufanya kazi karibu na behvarz: lugha fupi, namba ya dharura juu, orodha ya cha kumuuliza mkunga kwenye hudhurio linalofuata, hakuna jedwali la Kichina. Sura yake mbaya kweli, rangi ya kahawia. Kwa MARS isingezidi 3.

Cha kufanya hakihitaji fedha nyingi. Kila daktari na kila mkunga wa Iran ana namba ya Nezam Pezeshki, baraza lao la utabibu, na namba hiyo mtu yeyote anaweza kuihakiki. Maduka yalazimishe kila programu ya mimba iandike kwenye ukurasa wa kwanza namba ya aliyeupitia ushauri wake na tarehe aliyoupitia. Kwa sasa, kwenye kurasa za "kuhusu sisi", nakuta jina la kampuni, anwani ya Instagram na namba ya kadi ya benki ya kuchangia. Namba ya baraza nimeikuta kwa chache mno.

Na huku kwetu yanakuja hayohayo. Mwaka 2012 Tanzania ilianza Wazazi Nipendeni, ujumbe mfupi wa bure: ulituma neno MTOTO kwenda 15001, hata kwa kitochi. Haukuwa na picha wala rangi. Sasa vijana wanatengeneza aplikesheni za Kiswahili zenye kila kitu. Juzi mmoja alikuja zahanati na yake, akaniamkia, akasema, "Sista, naomba unikagulie kabla sijaipandisha." Rangi nzuri, kitoto kimelala kwenye ua. Nikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa damu kutoka, nikamuuliza ameuandika nani. Akasema ameutafsiri kutoka kwenye nyingine. Hiyo nyingine aliiandika nani? Hakujua. Nikamrudishia simu yake, nikampa namba ya daktari wetu wa wilaya, nikamwambia arudi ukurasa huo ukiwa na jina la mtu.